Gengeni, soko la mtaa, soko la jumla au supamaketi: mboga za nyumbani Dar ununue wapi?

Mpwa wangu amepanga chumba na sebule Kimara. Mshahara wake wa kwanza umeingia, na Jumapili jioni akanipigia simu. Hakuulizia kodi wala luku. "Shikamoo mjomba. Hivi nyanya nanunua wapi?" Nikacheka, halafu nikagundua sina jibu la haraka. Ofisini wenzake walishamvuta huku na huku: mmoja anamwambia Jumamosi alfajiri aende soko la jumla la Mabibo achukue vya wiki mbili, mwingine anamwambia asijitese, supamaketi ipo njiani. Mama mwenye nyumba anawashangaa wote: genge si lile pale dirishani?

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa soko dogo la mtaa, ili usome ukijua naegemea wapi. Lakini nilipokuwa kapera niliishi kwa genge tupu, tulipokuwa watu tisa nyumbani nilinunua kwa jumla, na supamaketi naingia kama watu wengine. Kote huko nimeokoa hela, na kote nimeliwa.

Vigezo kwanza

Wengi hulinganisha bei peke yake, na hata hiyo hawailinganishi sawasawa. Bei ya nyanya si ile unayotajiwa. Jumlisha nauli na mfuko, halafu ugawe kwa nyanya zilizofika sufuriani, bila zile ulizotupa. Hiki ndicho kigezo cha kwanza: bei ya mpaka sufuriani.

Cha pili ni hali ya bidhaa: imefika lini, imepita mikono mingapi, itakaa siku ngapi jikoni kwako. Cha tatu ni muda, na hapa sihesabu dakika tu, maana kila sehemu ina saa zake nzuri na saa zake mbaya.

Cha nne ni kinachopatanwa. Kila sehemu ina kitu chake unachoweza kukipatana, na mara nyingi si bei. Ukienda kupatana kisichopatanwa, utaonekana msumbufu na utaondoka bila kitu. Cha tano ni raha. Najua raha haina mstari kwenye bajeti, lakini mtu anayechukia kununua mboga huishia kutozinunua, akala chipsi mayai siku nne mfululizo. Namjua mmoja, ndiye aliyenipigia simu.

Soko dogo la mtaa

Nazungumzia masoko kama la Mwananyamala, au Namanga pale Msasani, na mengine mengi ya kata yasiyojulikana nje ya kata yenyewe. Yana meza za mbao, bucha pembeni, mashine ya kukuna nazi inayonguruma, na fundi cherehani aliyejibanza kwenye kona. Wauzaji wanaitana kwa majina ya watoto wao.

*Bei.* Iko katikati. Muuzaji amefuata mzigo Ilala, Mabibo au Temeke Stereo, akalipa guta, akaweka faida yake. Anauza kwa fungu na kwa sado, lile kopo la plastiki la rangi la lita 4, na kwa kilo mara chache. Kabla hujakubali sado, tazama kitako chake: yapo yaliyopashwa moto chini yakasukumwa ndani, na hapo unalipia ujazo ambao haupo.

*Hali ya bidhaa.* Watu hudhani kuwahi sana ndiyo ujanja. Ukifika saa 1 asubuhi utauziwa nyanya na karoti za jana, kwa sababu wenye meza bado wako kwenye soko la jumla. Mzigo mpya unapangwa kuanzia saa 2, saa 3. Mboga za majani zina utaratibu wao: mchicha na matembele vinatoka kwenye bustani za mabondeni humuhumu mjini, na hivyo hufika alfajiri vikiwa na umande. Hapo uliza vimetoka bonde gani. Bustani zilizo kando ya Mto Msimbazi zimelalamikiwa miaka mingi kwa sababu mto huo unapokea maji machafu ya viwanda na ya majumbani. Muuzaji anaweza kukudanganya, ni kweli. Lakini ukinunua kwake kila wiki, kukudanganya kunamgharimu.

*Muda.* Nusu saa hadi saa nzima, na saa nzima ni ya wale wanaosalimia kama mimi.

*Kinachopatanwa.* Nyongeza. Bei ya fungu imeshapangwa na soko zima, na ukimwambia mama akupunguzie mia kwenye fungu la shilingi 500 umemgusa pabaya. Lakini neno "niongezee" halimuudhi mtu. Nyongeza ina ngazi zake. Miezi ya kwanza niliongezewa nyanya moja yenye ufa. Baadaye ikawa ndimu. Siku hizi, bila kuomba, natupiwa vijiti vya giligilani na pilipili mbuzi mbili, na nikikosekana wiki mbili naulizwa nilikuwa wapi, kwa sauti ya mtu anayedai kitu.

*Raha.* Chukua mfano wa parachichi. Huwa siulizi bei kwanza, naulizwa mimi: "La kula lini?" Nasema moja la leo usiku, jingine la Jumatano. Muuzaji anapitisha mkono juu ya rundo, anabonyeza taratibu karibu na kikonyo, ananipa mawili yanayofanana machoni mwangu, na la Jumatano linaiva Jumatano. Miaka yote hii sijaweza kufanya hivyo mwenyewe. Nikijaribu, nakata jiwe au nakata uji.

Halafu kuna misimu. Kuanzia Novemba embe zinaingia na soko zima linabadilika harufu: dodo, bolibo, sindano, viringe, kila moja na wapenzi wake, na ubishi wake usioisha. Katikati ya mwaka ni machungwa ya Muheza, ya kijani nje na matamu ndani, yanayomshangaza mgeni anayedhani chungwa lazima liwe la rangi ya chungwa. Nanasi za Kiwangwa zinamenywa palepale, na kipande cha kuonja unapewa kwenye ncha ya kisu. Mambo madogo ya jikoni nimefundishwa mezani kwa watu: kwamba nyanya chungu zilizoanza kugeuka manjano zimezeeka, kwamba bamia unaijua kwa kuvunja ncha yake, kwamba kisamvu hakiharakishwi motoni hata kama njaa inauma.

*Kasoro zake.* Masika kuna tope. Mafungu hupangwa nzuri mbele na za kulainika nyuma, kwa hiyo zungusha fungu kwa mkono kabla ya kufungua pochi. Aina za mboga ni zilezile mwaka mzima, na brokoli usiulize. Na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, usipokwenda na kikapu chako utanunua mfuko mbadala kila safari, hela ambayo ingetosha fungu la mchicha.

*Linamfaa* nani? Nyumba ya watu watatu hadi sita, yenye mtu mwenye saa moja mara mbili kwa wiki. Na anayejifunza kupika.

Genge

*Bei.* Ukipiga hesabu kwa kilo, gengeni ndiko ghali kuliko masoko yote mawili. Lakini gengeni hakuna kilo. Kuna karoti za mia mbili, kabichi nusu, kitunguu kimoja, na kiasi cha mafuta kwenye kifuko. Cha kuzingatia ni hiki: bei ya fungu haipandi wala haishuki, fungu lenyewe ndilo linalonenepa na kukonda. Nyanya za mia tano zikiwa saba, mavuno yamekubali. Zikiwa tatu, mvua zimeharibu huko juu. Na kwa mtu anayeishi peke yake bila friji, genge mara nyingi ndilo rahisi kuliko kote, kwa sababu hakuna kinachooza. Unanunua chakula cha usiku, unakila, kwisha.

*Hali ya bidhaa* inategemea kasi ya mauzo. Genge lenye foleni jioni lina mboga mpya kesho yake. Lile ambalo mwenyewe amelala kwenye kiti, nyanya zake zimelala naye.

*Muda* ni dakika tano, na wengi wako wazi mpaka saa 3 au 4 usiku, wakati soko limeshafagiliwa zamani.

*Kinachopatanwa* ni siku ya kulipa. Mwenye genge ana daftari la mistari, na jina lako linaweza kukaa humo mpaka tarehe 28. Hakuna supamaketi itakayokupa kabichi kwa ahadi. Ila na wewe andika lako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni la gengeni hukua kwa vitu vya mia mbili mbili.

*Raha* yake ni ya ujirani: salamu, umbea, kisamvu kilichokwishatwangwa kikikungoja, na mtoto unayeweza kumtuma. Ubaya wake ni huohuo. Ukila dagaa siku tatu mfululizo, mtaa mzima unajua.

*Linamfaa* kapera, asiye na friji, anayelipwa kwa siku, na nyumba yoyote ile saa 2 usiku ikigundulika kitunguu kimeisha.

Soko la jumla

Dar unayo kadhaa: Ilala, Temeke Stereo, Mabibo na Mahakama yake ya Ndizi. Kariakoo ndilo lenye jina kubwa. Jengo lake la zege lenye paa la miavuli lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likajengwa miaka ya 1970, na kwa miongo mingi mtu akisema "shimoni" alimaanisha chini kule kulikojaa mboga na nafaka. Moto uliliunguza Julai 2021 na wafanyabiashara wakahamishiwa kwingine, na mteja wao akalazimika kujifunza njia mpya.

*Bei.* Hapa ndipo chini kabisa, ukitazama bei unayotajiwa tu. Vipimo ni tenga, gunia, ndoo, debe, mkungu. Tatizo la kwanza ni kwamba hujui unachopata. Lumbesa, gunia lililoshonewa kichwa cha ziada, limekuwa likipigwa marufuku na Wakala wa Vipimo mwaka baada ya mwaka. Lumbesa humuumiza mkulima, lakini na wewe mnunuzi gunia lisilo na uzito maalumu haliwezi kulinganishwa na jirani yake. Tatizo la pili ni chini ya tenga. Za juu zinang'aa, za chini zimebeba uzito wa wenzao tangu Ilula au Lushoto.

Tatizo la tatu ni wewe mwenyewe. Mwezi wa tano mmoja, wakati wa masika, nilibeba tenga zima la nyanya nikijiona mjanja. Bajaji ikala sehemu ya faida. Jumatano nyumba ikaanza kunuka. Tukapika rojo la nyanya usiku kucha, tukagawia majirani, na bado ndoo moja ikaenda shimo la taka. Nilipopiga hesabu ya mpaka sufuriani, ningenunua sado kwa sado pale mtaani ningebaki na chenji.

Vitunguu, viazi na nazi ni habari nyingine. Hivyo vinakaa, na hapo soko la jumla linalipa kwelikweli.

*Hali ya bidhaa.* Bora kuliko kote kwa vilivyoshuka usiku huohuo: kabichi na karoti za Lushoto, mboga za Mgeta, viazi vya Njombe. Ndizi Mabibo zinafika zikiwa mkungu mzima na utomvu wake, bukoba, mshare, mzuzu, mkono wa tembo, na unachagua ukiwa na nafasi ya kuchagua.

*Muda.* Saa 11 alfajiri hadi saa 2. Ukizidisha hapo unagombania masazo ya wenye meza za mtaani, ambao wanajua kuchagua kukuzidi. Ongeza safari, ongeza kumtafuta mbebaji, ongeza kukwepa mikokoteni inayopiga kelele "pisha!" wakati imeshakugusa kisigino.

*Kinachopatanwa.* Bei yenyewe, na kwa ukali. Mara nyingi unayezungumza naye ni dalali, siyo mwenye mzigo, na bei ya kwanza ni salamu tu. Nenda na mtu anayejua bei ya wiki hiyo, au zunguka kwa watatu kabla ya kufungua mdomo.

*Raha.* Ipo, kwa wanaopenda kishindo. Kuna kitu cha kusisimua katika kuona jiji la mamilioni likilishwa kwa migongo ya watu. Binafsi nafurahia mara moja kwa mwezi, halafu nahitaji chai na kiti.

*Linamfaa* mwenye shughuli, mama ntilie, familia kubwa, na majirani wanne watakaochangia gunia la vitunguu na kugawana ugani.

Supamaketi

Wapenzi wa soko tuna tabia ya kuisema vibaya supamaketi bila kuisikiliza. Tuitendee haki.

*Bei.* Kwa nyanya, vitunguu na mboga za majani utalipa zaidi, kwa kawaida. Lakini bei imeandikwa, mzani unasomeka, na risiti unapewa. Uyoga, letusi, brokoli na viungo vya mapishi ya kigeni huko ndiko viliko kwa uhakika, na mara vinapowekwa punguzo jioni unaweza kubahatika.

*Hali ya bidhaa.* Safi na imechambuliwa. Baridi inasaidia mboga laini zikae, ila pia inaficha umri. Karatasi ya nailoni haikuruhusu kunusa wala kubonyeza, na parachichi la supamaketi hakuna wa kukuambia litaiva lini.

*Muda.* Hapa inashinda wengi. Iko wazi usiku, unaegesha gari, unachukua sabuni, maziwa na karoti kwa mkupuo mmoja, unalipa kwa kadi.

*Kinachopatanwa.* Hakuna. Na kwa watu wengine hiyo ndiyo raha yenyewe. Mgeni ambaye sokoni anatajiwa bei ya ngozi yake, mtu asiyependa kubishana, mtu anayetembelea kiti cha magurudumu anayehitaji sakafu tambarare, mama aliyechoka na kichanga mgongoni: hao wote bei isiyobishaniwa inawapumzisha. Sina la kuwajibu.

Jambo moja tu, ukitaka kuitegemea kwa miaka. Maduka haya makubwa huja na kuondoka. Shoprite iliyauza ya kwake hapa nchini kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga 2015, na Nakumatt nayo haikudumu. Wenye meza za mboga wa wakati huo wengi bado wako mezani.

*Inamfaa* anayetoka kazini usiku, mwenye mapishi yasiyo ya kwetu, na anayetaka hesabu ya mwezi iliyo kwenye risiti.

Kwa hali yako

Kama huna friji na uko peke yako, genge liwe la kila siku, na soko dogo mara moja kwa wiki kwa ajili ya matunda na vitunguu. Ukipata friji, geuza: soko dogo liwe msingi na genge liwe la dharura.

Kama nyumbani mko wengi, tenganisha vinavyokaa na visivyokaa. Vitunguu, viazi, nazi na ndizi mbichi vifuate kwa jumla, tena na majirani. Nyanya, hoho na majani nunua mtaani, kidogo kidogo.

Kama una mgonjwa au mtoto mdogo na huwezi kutoka, mzoee mwenye genge mmoja awe anakuletea mlangoni, hata ukilipa zaidi kidogo.

Kama una hafla ya watu mia, usiende soko la jumla peke yako kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mlipe mama ntilie akuongoze. Atakuokolea zaidi ya utakachompa.

Kama unarudi nyumbani saa 3 usiku kila siku, supamaketi au genge, kulingana na kilicho njiani, bila kujilaumu. Jumamosi yako ikibaki huru, jaribu soko dogo kabla hujaamua kwamba hulipendi. Ila usiende tarehe 30 kila mtu akiwa na mshahara mkononi. Siku hiyo hata nyongeza zinalala.

Mpwa wangu ana friji ndogo, na Jumamosi hana kazi. Nimemwambia aulize soko la kata yake liko wapi, aende saa 3 asubuhi na kikapu, anunue kwa wauzaji watatu tofauti kwa wiki tatu, ndipo achague wake. Safari ya kwanza asiombe nyongeza. Aseme shikamoo, azungushe fungu, alipe, aende zake.